Tata, Uliniita Kabla ya Kibali Kutoka

Mpendwa tata, baba yangu,

Uliniita, na mimi nikakataa kuja. Naliweka hapa juu kabisa ili atakayeisoma barua hii asihangaike kulitafuta huko chini. Ulikuwa mgonjwa, umelala kwenye kitanda chako pale Nyacheki, mama akakushikia simu sikioni, nawe ukasema neno moja la kwetu: "Inchwo." Njoo. Mimi nilikuwa Ujerumani, nimevaa sare ya kazi, nimesimama kwenye korido ya nyumba ya kutunzia wazee. Nikakuambia siji. Baada ya siku chache ulifariki, ukazikwa, na mimi sikuwepo.

Naandika barua ya wazi kwa sababu habari yenyewe ilishakuwa wazi. Ilifika stendi ya Masimba kabla ya mimi kufika. Shangazi anasema hata sokoni Mosocho wanawake wanaouza ndizi wanaijua, tena wanaijua vizuri kuliko mimi mwenyewe: kwamba nilifungwa, kwamba niliolewa na mzungu akanikataza kutoka, kwamba nilisema mazishi ni mambo ya washamba. Hakuna lolote la kweli hapo. Kama watu lazima waseme, basi waseme lililotokea. Nilikataa, nilijua ninachokikataa, na sitaomba msamaha.

Na tafadhali usijifanye umeshangaa. Kukataa nilijifunzia kwako. Pale kituo cha kununulia chai watu hawakupenda kusimama nyuma yako kwenye foleni, kwa sababu hukukubali kuweka majani yako kwenye mizani mpaka uone kwa macho yako imerudi kwenye sufuri. Karani akinuna, unamngoja amalize kununa. Wenye haraka wakipiga kelele, unageuka unawauliza wanakimbilia wapi na mvua inakuja. Mimi nilikuwa msichana mdogo mwenye kikapu mgongoni, nikitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Leo najua nilikuwa nasomeshwa.

Unamkumbuka yule wakala wa Kisii mjini? Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, na ukutani alikuwa amebandika picha za ndege kila mahali, hata nyuma ya mlango. Tulipelekwa pale na ndugu yako, Baba Mdogo Ondara, ambaye siku hiyo alivaa suti kana kwamba anayesafiri ni yeye. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekaa nyumbani nachuma chai, na kila mtu alikuwa na wazo la nchi ya kunipeleka. Wakala hakukuzungusha.

"Mzee, hii ni rahisi sana. Tunamtolea viza ya kutembea. Akishafika kule, atajipanga."

"Kutembea ni muda gani?"

"Muda ni kidogo, lakini hiyo isikusumbue. Wote wanajipanga."

Wewe ulikuwa umeshika kofia magotini. Ukaigeuza, ukaitazama ndani, ukamuuliza, "Hiyo ni ya kuingia. Ya kukaa iko wapi?"

Akacheka. Baba Mdogo naye akacheka ili mtu asidhani hayumo kwenye mambo. "Mzee, viza ndio kila kitu. Watu wanalilia hii kitu." Ukavaa kofia yako, ukamshukuru kwa chai ambayo hukuinywa, tukateremka ngazi. Baba Mdogo hakusema nasi mpaka tulipofika Masimba, na hapo alisema tu kwamba umemwaibisha.

Kesho yake, tukichuma chai, ndipo ulinieleza kwa namna yako. "Mgeni akibisha hapa kwetu tunamwambia karibu. Anaingia, anakula, analala. Lakini hata akae namna gani, hawezi kuchukua jembe aanze kuchimba msingi kwa shamba ya watu. Mpaka wazee wakuje, wamwonyeshe mahali ya kujenga. Karibu ni kitu moja, na kuonyeshwa pa kujenga ni kitu ingine. Huyo kijana anakuuzia karibu."

Nilipoanza kusoma mambo yenyewe niligundua kwamba ulikuwa karibu sana na ukweli. Viza ndiyo inayokufikisha na kukuingiza, tena kwa sababu ile tu uliyoitaja ulipoiomba. Aliyeomba kutembea anatembea na kurudi. Kibali cha ukaaji ni kitu kingine: unakiomba ukiwa umeshafika, kwenye ofisi ya mji unaoishi, na unaeleza unasoma wapi, unafanya kazi wapi, unalala wapi. Kina mwisho wake, na kabla ya mwisho huo unaomba tena. Hakuna mahali popote palipoandikwa "kujipanga". Lakini na wewe ulikosea, tata, usijivune. Uliamini kabisa kwamba kibali kinatolewa na chifu, ukaniagiza nikifika nimtafute chifu wa kule nimsalimie mapema, kabla ya watu kunitangulia kumjaza maneno.

Tukaamua njia ndefu. Nikaenda Kisii mjini kujifunza Kijerumani, nikawa narudi jioni nakutamkia maneno wewe unayarudia vibaya kwa makusudi mpaka mama anatufukuza jikoni. Nikapata nafasi ya mafunzo ya uuguzi wa wazee. Nikaenda Nairobi ubalozini nikahojiwa, nikarudi nikangoja, na siku moja pasipoti ikatoka ikiwa na viza ndani. Viza ya mafunzo, si ya kutembea.

Hapo ndipo watu wetu walipofanya jambo ambalo sidhani kuna watu wengine duniani wangelifanya. Walikiombea kile kikaratasi. Sabato iliyofuata Baba Mdogo alisimama kanisani akatangaza kwamba Mungu ametenda, mtoto wa Nyacheki amepewa Ujerumani. Baada ya ibada kukawa na chakula pale kwetu, kwaya ikaja, na pasipoti yangu ikaanza kutembea mkono kwa mkono. Kila bibi aliifungua penye viza, akaiwekea kiganja, akaomba. Mikono ilikuwa imetoka kwenye kuku. Ilipomaliza kuzunguka kiwanja ilikuwa na doa la mafuta la ukubwa wa kidole gumba, pembeni kabisa ya picha yangu, na mama mmoja akasema hilo doa ndilo ulinzi wenyewe.

Wewe uliposimama kushukuru wageni, watu walitarajia machozi. Ukasema, "Asanteni kwa kuja. Lakini ngojeni kidogo na hizo nyimbo. Hii ni ya kuingia. Ya kukaa bado." Mama akakuvuta koti. Baba Mdogo akawaambia wageni kwa sauti kwamba kaka yake hajui kufurahi, na mpaka leo wapo wanaosema ulimi wako ndio ulioleta yote yaliyofuata. Mimi nilikukasirikia pia siku ile. Nilitaka mara moja tu uwe kama baba za watu, ucheze mbele ya kwaya.

Nikaondoka. Ulinisindikiza mpaka Kisii tu, ukasema huko mbele ni kwa wenye viza.

Ujerumani nilichoka kuliko nilivyowahi kukuambia. Nilikuwa nikiwaamsha baba za watu, nawaosha, nawavisha soksi, nawakata kucha, halafu jioni nakupigia uniambie kama chai imechipua. Ulipenda kusikia habari za wale wazee. Ulitaka kujua watoto wao wako wapi. Nikikuambia wengine wanaishi mtaa wa pili na hawaji, unauliza kama wana ng'ombe.

Ukaumwa kuanzia msimu wa mvua. Mwanzoni ilikuwa kifua, mama anasema ni baridi ya shambani. Halafu ikawa hospitali Kisii, kurudi nyumbani, hospitali tena. Na katika miezi hiyo hiyo muda wa kibali changu cha kwanza ulikuwa unakaribia kuisha. Nikaomba mapema, kama inavyotakiwa, na ofisi ikanipa karatasi ya kuonyesha kwamba ombi langu liko kwao na kwamba naweza kuendelea kusoma na kufanya kazi nikisubiri kadi ya kibali kipya. Yule mama wa ofisini alinielekeza vizuri, hakuwa na ubaya wowote. "Ndani ya nchi huna tatizo," akaniambia. "Usitoke nje mpaka kadi ije." Nikamuuliza nikitoka itakuwaje. Akasema naweza nisirudi, nitaanza upya Nairobi, na hawezi kuniahidi kwamba nafasi yangu ya mafunzo itanisubiri. Nilikuwa nimebakiza mtihani wa mwisho.

Nilikueleza yote hayo kwenye simu, nawe ulielewa. Hilo nalishikilia, tata, na hapa nakutolea macho: ulielewa vizuri kabisa. Ulisema, "Kumbe hao nao wana mizani yao." Ndiyo maana uliponiita nilishikwa na ganzi.

Siku hiyo nilikuwa namnyoa mzee mmoja. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaona ni mama, nikatoka kwenye korido. Mama akasema, "Baba yako anataka kukuongelesha." Nikasikia pumzi yako kwanza. Halafu, "Inchwo." Hukunisalimia, hukuniuliza habari za wale wazee. Nikakuambia, "Tata, kadi bado haijatoka." Ukasema tena, "Kemunto, inchwo." Nikakuambia siwezi. Halafu nikaona hilo si kweli, kwa sababu ndege zilikuwepo na miguu nilikuwa nayo, nikakuambia vile ilivyokuwa: "Tata, siji." Simu ikarudi kwa mama, naye akasema tu kwamba atanipigia baadaye. Nikarudi chumbani kummalizia yule mzee, maana shavu moja lilikuwa bado na povu. Mkono wangu haukutetemeka. Kama kuna wanaotaka kunichukia kwa hilo, nimewapa.

Wapo wanaonitetea kwa kusema nilibaki kwa sababu ya dawa zako, kwamba zilitoka kwenye kazi hiyo hiyo. Ni kweli zilitoka huko. Lakini sikubaki kwa ajili ya dawa. Ningebaki hata kama ungetibiwa bure. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimejenga maisha yangu kwa mikono miwili, kwa njia ndefu tuliyoichagua mimi na wewe, na nilikuwa karibu kuonyeshwa pa kujenga. Mtoto wa kiume akisema maneno hayo anaitwa mwanaume. Mimi nimeitwa majina ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa mama atasomewa barua hii.

Ulipofariki, Baba Mdogo alinipigia. "Mwili iko mochari inakungoja. Ongea na hao wakubwa wako ukuje."

"Baba Mdogo, siwezi kutoka kabla ya kadi. Viza iliisha zamani, kibali cha kwanza nacho, nasubiri kipya."

"Viza iliisha?"

"Ndiyo, lakini niko hapa kihalali, nina karatasi..."

Hakungoja karatasi. Jioni hiyo kwenye mkutano wa matanga alitangaza kwamba mtoto ameishiwa na viza na anaishi kwa kujificha, familia imwombee. Aliomba kwa moyo wote, nimeambiwa, mpaka akalia. Watu wakaanza kuniombea msamaha kwa serikali ya watu. Ukiona jinsi neno hilo moja, viza, lilivyobebwa, kwanza kama baraka na baadaye kama aibu, wala halikuwahi kueleweka hata siku moja, unaweza kucheka. Mimi nilicheka baadaye sana.

Maziko niliyaona kwa simu. Binamu aliishika juu ya vichwa vya watu, nikaona miavuli, migongo, kofia za wazee, na mara moja tu ubavu wa jeneza. Mchungaji alipoanza kusema "mavumbini" mtandao ukakatika. Nilikaa na ile simu nyeusi mkononi. Nililia, kama unataka kujua. Nililia mpaka jirani wa chini akaja kugonga. Kulia na kujuta ni vitu viwili, na hiki cha pili sikuwa nacho.

Ninaowakasirikia wapo. Nawakasirikia wale waliokaa wakatunga sheria ambayo mtu akifiwa anaambiwa asogee kidogo, ombi lake linashughulikiwa. Mzungu akitaka kuja kuona tembo wetu, haulizwi kama mama yake ni mgonjwa na kama atarudi kwake. Sikubali kubebeshwa kwamba nilichagua kadi nikamwacha baba. Waliotuweka kwenye mizani hiyo ni wengine, na hakuna mkutano wa ukoo unaowaita wao kujieleza.

Kadi ikatoka. Nikafanya mtihani, nikapita, nikaomba likizo, nikaja.

Nilifika nyumbani mchana, mvua ikinyesha kama kawaida yake. Mama amekonda. Baba Mdogo alikuja akiwa na uso wa matanga, akaomba kuiona hiyo kadi. Akaigeuza huku na huku, akaipima kwa kiganja. "Hii ndio ilikuwa inakuzuia? Ndogo hivi?" Halafu akanikumbusha utaratibu wa mlango wetu wa ukoo, ambao wewe unaujua kuliko mimi: mtoto asiyemzika mzazi wake haendi kaburini peke yake. Anapelekwa na wazee. Na kabla ya kupelekwa anaketishwa mbele yao anaulizwa alikuwa wapi, na ajibu. Akijibu vibaya hapelekwi. Kaburi lako naliona kutoka dirisha la jikoni, hapo chini ya nyumba, chai inapoanzia. Ningeweza kurusha jiwe likakufikia. Siku zangu zote za kwanza niliishia dirishani.

Siku moja kabla ya wazee kuja, mama alikuwa akichambua mboga za chinsaga kwa chakula cha jioni. Aliniambia bila kuniangalia, "Sema alikukataza."

"Nani?"

"Baba yako. Mimi nimeshawaambia hivyo. Niliwaambia mzee alisema usitoke huko mpaka umalize. Sasa wewe ukisema hivyo tu, imeisha. Baba Mdogo wako pia anataka iishe. Ni neno moja, mwanangu."

Kumbe ndivyo alivyonikinga muda wote huo. Nilimwangalia mikono yake kwenye yale majani, nikampenda, na nikajua siwezi. Nikamwambia kwamba nikisema ulinikataza, nitakuwa nimekubali kwamba mtoto anaruhusiwa kubaki iwapo tu baba amempa ruhusa. Na wasichana wa hapa Nyacheki, na binti za shangazi kule Nyamira wanaoniandikia kila wiki kuniuliza mambo ya viza, siku watakapoitwa na baba anayekufa watashika nini? Tena ungekuwa uongo juu yako. Uliita, tata. Ulikuwa na haki ya kuita. Sitakunyang'anya sauti yako ya mwisho ili mimi nionekane mtiifu. Mama akasema Kijerumani kimeniharibu kichwa.

Wazee walikaa sebuleni kwako. Baba Mdogo alichukua kiti chako, nikajikaza nisiseme kitu. Chai ikamiminwa, maombi yakafanywa, wakaniketisha kwenye stuli katikati.

"Kemunto," Baba Mdogo akaanza, "baba yako amelala hapo nje. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Ujerumani."

"Hukuambiwa ni mgonjwa?"

"Niliambiwa. Na aliniita."

Niliona vikombe vinasimama hewani. Baba Mdogo akamtazama mama, mama akatazama sakafu. "Alikuita?"

"Aliniita mwenyewe kwa simu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema siji."

Mzee mmoja, yule mpole anayeketi mbele kanisani, akanitupia kamba. "Pole pole, mtoto. Pengine simu ilikuwa mbaya, hukusikia."

"Simu ilikuwa nzuri, mzee. Nilisikia."

Nikawaeleza, kwa Kigusii chetu kilichoanza kupata kutu, viza ni nini na kibali ni nini, na kwamba nilikuwa kwenye daraja kati ya kibali kilichokwisha na kipya, na kwamba ningetoka ningepoteza vyote. Sijui walielewa nini. Nikamaliza kwa kusema kwamba kama leo simu ingepigwa tena, na kadi bado, ningesema lile lile. Baba Mdogo akasimama. Alikuwa ameumia kweli, na sitamdharau kwa hilo. Wewe ni kaka yake na alikuosha kwa mikono yake. "Basi mimi simpeleki," akasema. "Mwenye ataweza, ampeleke."

Hakuna aliyenyanyuka. Mvua ilikuwa inapiga mabati na mimi nilikuwa nimeketi kwenye stuli kama mtu anayengoja kunyolewa. Ndipo mama akaweka birika chini.

"Mimi ndio nilisema alimkataza," akasema. "Haikuwa hivyo. Simu nilishika mimi. Alimwita, mtoto akakataa. Na mzee alikasirika." Akanigeukia mimi sasa. "Alikasirika sana. Aligeukia ukuta, uji akakataa, mpaka usiku hakuongea na mimi. Nilingoja aseme amekuachilia. Kila siku nilingoja. Hakusema."

Tata, mimi nilikuwa nimeweka matumaini mahali fulani, bila kujiambia. Nilidhani mama ana neno lako amenifichia, tamu, la kunipa siku moja. Kumbe alichokuwa amenificha ni hicho. Nikashika stuli kwa mikono yote miwili.

"Amekufa na hasira yake," mama akaendelea, akiwatazama wazee mmoja mmoja. "Ni yake. Na mimi nimezaa mtoto mwenye haongei uongo mbele ya watu, na nyinyi mnataka kumfungia kaburi ya baba yake kwa sababu hiyo? Kama ni kupelekwa, nitampeleka. Mimi nimelala na huyo mzee maisha yangu yote. Nani ananiuliza?"

Akanishika mkono, mwanamke huyu ambaye sijawahi kumsikia akimkatisha Baba Mdogo maneno, tukatoka kwenye mvua bila mwavuli. Hakuna aliyetuzuia. Yule mzee mpole alitufuata mpaka barazani, akavua kofia, akabaki hapo. Baba Mdogo hakutoka.

Mama aliniacha kaburini akarudi kuwamiminia chai, kwa sababu wageni ni wageni. Udongo umeshuka kidogo upande wa kichwani, na magugu yameanza; nimeyang'oa. Watu walikuwa wananitazama kutoka kila ua, wakitaka kuona kama nitaanguka chini na kupiga mayowe. Sikuanguka. Nilisimama nikazungumza na wewe, na hiki ndicho nilichokuambia, nakiandika ili kisipotee.

Kasirika, tata. Kasirika mpaka utosheke. Na mimi nimekukasirikia, kwa kuniita kwenye kitu ambacho wewe ulijua bei yake kuliko wote, na kwa kugeukia ukuta badala ya kuniuliza nimekula nini. Sitakuomba unisamehe wala sitadai uombe msamaha wangu. Tukae hivyo, baba na binti waliokasirikiana. Wangapi wanaishi hivyo na bado wanakula meza moja. Ninakupenda na nimekukosa, na hayo hayabadilishi nilichokuambia kwenye simu hata kwa neno moja.

Kesho kutwa narudi kazini. Binti za shangazi wanakuja kesho asubuhi kutoka Nyamira na maswali yao. Nitawajibu yote, pamoja na lile la msiba ukitokea kadi ikiwa bado, ambalo mimi hakuna aliyenijibu kabla sijaondoka. Mama anabaki na wewe. Mwonee huruma, uso wake haukuzoea kuwa jasiri, siku mbili hizi unamuuma.

Pumzika sasa. Uliponiita sikuja. Safari hii hukuniita, na nimekuja.

Binti yako wa kwanza,
Kemunto